Sendofu ya Timu ya Baiskeli

Watu wa Ilomba hapa Mbeya wananiita mbishi. Mimi sio mbishi, mimi nauliza. Kubisha na kuuliza ni vitu viwili tofauti, ila anayekula pesa za wenzake hawezi kuiona hiyo tofauti.

Kuuliza nilifundishwa na upatu. Tulikuwa wanawake wa mtaa mmoja, tunachanga kila wiki, na mshika pesa wetu alikuwa mama wa kwaya. Huyo mama akiimba Jumapili unaweza kumkabidhi hata funguo za nyumba. Zamu yangu ya kupokea ilipofika, yeye alikuwa ameshavuka mpaka wa Tunduma. Hakuna aliyewahi kumuuliza hata swali moja, maana utamuulizaje mtu anayeimba vile? Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi siku hizi nashtuka hata nikiona kamba ya kiatu.

Basi asubuhi moja nafungua simu dukani, nakuta nimeingizwa kwenye kundi linaloitwa Okoa Timu Yetu. Sikuombwa. Watu walikuwa wanaandika ahadi zao, huyu kiasi hiki, yule kiasi kile, wakimalizia na vidole gumba na picha za moto. Mimi niliandika: Pesa anashika nani? Baadaye mtu mmoja akajibu kwamba wamefurahi sana dada wa mchele naye amefika.

Hiyo timu ilikuwa timu ya baiskeli, ya watu wanaolipwa mshahara kwa kuendesha baiskeli, na mmoja wao alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Nimemlea mimi. Mama yetu alipofariki yeye alikuwa hajaanza shule, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nafungua duka hili la mchele linalotazama barabara kuu ya kwenda Zambia. Mchele naufuata mwenyewe Usangu, na huko nina marafiki wa siku nyingi, familia ya wafugaji waliohamia kutoka Usukumani na ng'ombe zao. Mdogo wangu alipomaliza shule bila cha kufanya, nikampeleka kwao. Wakampa kazi ya kubeba maziwa kwa baiskeli kutoka maboma ya bondeni hadi Igurusi kwa wanunuzi. Maziwa hayasubiri. Ukichelewa jua linayawahi, na mnunuzi anachungulia ndani ya dumu, anakurudishia. Hapo ndipo kijana alipopata miguu.

Kocha wa timu alimwona kwenye ule mlima wa Inyala, siku amekuja Mbeya kunisalimia, madumu mawili nyuma, analipita lori. Alisimamisha gari akamuuliza amekula nini asubuhi. Mdogo wangu akasema kiporo cha ugali na maziwa ya mgando. Kocha akaandika namba yake ya simu kwenye kiganja cha kijana na kuondoka. Mimi nilivyosikia hiyo habari nilisema hapo kuna jambo. Mtu mzima anakusimamisha barabarani, anakuuliza ulichokula, halafu anasema atakulipa? Lakini mwezi ulipoisha mshahara ukaja, na mwezi wa pili ukaja, mpaka jiko langu likaezekwa bati. Nikanyamaza. Sikuamini, ila nilinyamaza.

Aliyekuwa anaifadhili timu ni kampuni moja ya mbolea. Msimu mmoja mbolea haikutoka, kampuni ikasema inasitisha. Mishahara ikakata. Baiskeli zile nyepesi, ambazo moja tu ni zaidi ya duka langu na mzigo wake, kampuni ikasema ni mali yake. Tayari kulikuwa na mnunuzi Dar es Salaam. Timu ikitaka kuzinunua yenyewe, ilete pesa mwisho wa mwezi. Isipotaka, gari litakuja kuzichukua. Na wiki inayofuata baada ya hapo kulikuwa na mashindano ya kutoka Mbeya hadi Iringa, ambako kampuni nyingine ilishamwambia kocha kwamba itakuwa pale mwisho wa mbio, na wale atakaofika nao itawaandikia mkataba. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mtoto. Mwenye baiskeli atakuwa na kazi. Asiye na baiskeli atarudi kwenye madumu ya maziwa.

Mashabiki ndio waliosema hapana. Sijui kama kuna timu nyingine inapendwa vile. Vijana wa bodaboda wa Mwanjelwa walikuwa wanaifungulia njia asubuhi ikienda mazoezini. Wakulima wa viazi kule milimani walikuwa wanaacha majembe kuitazama ikipita. Wafugaji wangu wa Usangu, ambao hawashangai kitu, walikuwa wanasema yule mmoja ni wetu, amekula maziwa yetu. Na mwenyekiti aliyechaguliwa na hao mashabiki alikuwa mtu ambaye Mbeya nzima inamjua kwa kamati za harusi. Kama umeoa mjini hapa miaka hii, yeye ndiye aliyekuchangishia, na huenda ndiye aliyeshika kipaza sauti. Akaanza kazi kama anavyoijua: kamati, ahadi, kikao kila Jumamosi, soda moja kwa kila mjumbe. Haba na haba hujaza kibaba, alikuwa anasema, na ahadi ni deni.

Nikaingia kwenye kamati. Sikuingia kwa sababu ya soda. Niliingia kumchunga kocha.

Huyo kocha ni Mhehe wa Idodi, ile njia ya kwenda mbugani Ruaha. Mtu wa maneno machache mno. Ukimuuliza kitu anakutazama kwanza, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, unamaliza kukohoa ndipo anajibu. Mimi mtu wa namna hiyo simwelewi. Mtu mwenye midomo mizito ana kitu amekificha ndani ya mdomo. Tena alikuwa anasema pesa zikipatikana apewe yeye azipeleke kwenye kampuni, maana anajuana nao. Nikasema katika kikao kwamba hazitapelekwa na mtu mmoja, na hazitatolewa kwenye simu bila watu wawili, na mmoja wa hao wawili niwe mimi. Wajumbe wakacheka. Kocha hakucheka. Alinitazama, nikakohoa, akasema ni sawa.

Sawa gani hiyo ya haraka? Nikamwambia mdogo wangu jioni hiyo kwamba kikulacho ki nguoni mwako, amwangalie kocha wake vizuri. Akaniambia, dada, kocha hana hata kiatu cha pili. Nikamwambia ndiyo hao hao.

Halafu ikaanza habari ya Idodi. Tangu kikao kile, kocha kila mwisho wa wiki hayupo. Vikao vya Jumamosi hahudhurii. Kijana mmoja wa bodaboda akaja dukani akasema amempakia kocha mpaka stendi na mzigo wake ulikuwa koleo jipya na mwiko wa fundi ujenzi. Mwingine akasema jamaa yake aliyeko Iringa alimwona kocha ananunua saruji. Aha. Koleo, mwiko, saruji. Mtu ambaye mshahara wake umekata anajenga. Anajenga kwa nini, kwa mate? Sikulala vizuri. Nilipiga hesabu zangu nikaona nyumba nzima inasimama huko Idodi, madirisha ya vioo, na mdogo wangu yuko bondeni na madumu.

Nikafunga duka nikaenda. Kutoka Mbeya mpaka Iringa ni safari ya kukalia mpaka miguu ivimbe, na kutoka Iringa mpaka Idodi ni vumbi. Nilifika nimekuwa mwekundu mpaka kope. Nikawa naulizia kwa akina mama wa genge, kidogo kidogo, kana kwamba ni stori tu, kwao fulani yule wa baiskeli ni wapi. Wakanisalimu kamwene, wakanionyesha bila hata kushuku. Watu wa namna hiyo wanaibiwa kirahisi sana, nilifikiri.

Nyumba niliiona. Ni ya udongo, bati limeota kutu, mlango umeegemezwa tofali. Nikazunguka nyuma kutafuta ile mpya. Nyuma kulikuwa na mipapai michache, na kocha akiwa amepiga magoti, kifua wazi, anasawazisha saruji kwa mwiko juu ya kaburi la mama yake. Alikuwa amefariki mwaka uliopita, na kwao, kama kwetu, kaburi la mzazi halikai tuta la udongo mvua zikaanza kulila wakati mtoto yupo.

Sasa mwingine angelia. Mimi nilisimama pale nikajiambia kwamba hata kaburi linaweza kujengwa kwa pesa ya mchango. Lakini yeye alikuwa ameshageuka ananitazama. Ikabidi niseme kitu. Nikasema nimekuja kutafuta mchele.

Akafuta mikono kwa majani. Akanitazama kama kawaida yake, na mimi sikuwa na kikohozi cha kumpa.

"Umetoka mbali kufuata mchele, dada," akasema, "na Usangu iko mlangoni kwako."

Nikamjibu kwa ukali kwamba biashara haina mlango, mtu anafuata bei. Basi akavaa shati, akanipeleka kwa mjomba wake mwenye mpunga wa bondeni, na huko, mbele ya mjomba na wake zake na sufuria la wali ulioivishwa haraka kwa ajili yangu, ningesema nini? Nikanunua. Nilinunua magunia ambayo sikuyahitaji, mchele mzuri, mweupe, unanukia, lakini duka langu lilikuwa limejaa. Kocha mwenyewe aliyabeba mpaka kwenye gari, saruji bado iko kwenye kucha.

Idodi nilikuwa sina mtandao, na betri nayo ilikufa. Niliporudi Iringa mjini nikachaji simu kwenye duka la mteja wangu, ujumbe ukaingia mfululizo mpaka simu ikapata joto. Kamati ilikuwa imekaa Jumamosi. Kocha hayupo, yuko Idodi. Mimi sipo, niko Idodi namtazama kocha. Na waliobaki wamepitisha, kwa kupiga makofi, kwamba timu itafanyiwa sendofu.

Asiyejua sendofu ni nini, ni ile sherehe ya kumuaga binti kwao kabla ya harusi. Kuna ukumbi, mapambo, keki, sare za vitenge, chakula, na mshereheshaji. Binti anaingia akicheza, anaagwa, analia kidogo, watu wanakula. Hiyo ndiyo walitaka kuifanyia timu ya baiskeli.

Nilifika Mbeya nimefura. Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti kumuuliza nani ametoa hilo wazo. Mwenyekiti akanikalisha, akaniagizia chai, akanieleza taratibu. Ahadi zipo nyingi, akasema, tatizo ni kwamba watu hawalipi. Na hawalipi kwa sababu gani? Harusini mtu analipa kwa sababu ya kadi. Bila kumalizia ahadi hupati kadi, bila kadi huvuki mlango wa ukumbi, na mkeo ameshashona kitenge. Sasa mbio za baiskeli zina mlango? Zinapita barabarani, kila mtu anaziona bure, hata mbuzi. Kwa hiyo lazima tuwatengenezee watu mlango.

Niseme kweli, lilikuwa neno la maana. Nimekaa kwenye kamati za harusi tangu nimekuwa mtu mzima, na najua kwamba wiki ya mwisho ndiyo pesa huingia. Nikauliza swali langu la kawaida, huo mlango atashika nani. Mwenyekiti akasema, wewe. Hakuna mwingine ambaye hawezi kupitishiwa kadi feki. Hapo moyo wangu ukatulia kabisa. Kisha akaongeza kwamba watahitaji mchele, na ameona ni vibaya kununua kwa mtu mwingine wakati mjumbe wa kamati anauza. Nikakumbuka yale magunia ya Idodi yaliyonikalia dukani. Nikawapunguzia bei.

Kocha alikuja dukani siku chache kabla ya sherehe. Hakukaa. Alisimama mlangoni akishika kofia mkononi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Dada," akasema, "wewe ndiye unayeuliza kwenye ile kamati. Kaiulizie hii sherehe."

Nikamuuliza niiulizie nini. Akasema hajui kuongea mbele za watu, amejaribu kumwambia mwenyekiti kwamba baiskeli zinunuliwe kwanza, akaambiwa yeye kwenye hii shughuli ni mwali, na mwali hakai kikao. Nilimtazama usoni nikatafuta sababu yake, na nikaipata mara moja. Kwenye sherehe pesa ni ya wazi, kila mtu anaiona, hawezi kuigusa. Ndiyo maana haitaki. Nikamwambia ana wasiwasi wa nini kama mikono yake ni misafi. Akavaa kofia akaondoka.

Ukumbi ulipendeza, siwezi kudanganya. Vitambaa rangi ya timu, njano na bluu, kuanzia darini. Kila mwanakamati alikuwa na sehemu yake. Ukumbi ulikuwa wa shemeji yake mwenyekiti. Mapambo, mjumbe mmoja mama mwenye kazi hiyo. Mapishi, mama ntilie wa Mwanjelwa na wasaidizi wake. Vijana wa bodaboda walilipwa mafuta kwa kusindikiza msafara. Na ahadi kweli zililipwa. Watu walikuwa wanakuja mlangoni wanahema, wametoka kumalizia kwa wakala sasa hivi, mke nyuma ameshavaa kitenge. Nilizikagua kadi moja moja. Nilimrudisha diwani mmoja mstaafu aliyekuja na kadi ya mtu mmoja na watu watatu. Wafugaji wangu walikuja kutoka Usangu na beberu wa kuchoma, na wakavalishwa sare juu ya mashuka yao.

Timu iliingia ikicheza. Kila mwendeshaji na baiskeli yake ubavuni, baiskeli zimefungwa riboni na puto kwenye usukani, mdogo wangu akiwa wa pili kutoka mbele, anacheka kwa aibu, hajui aweke wapi miguu. Watu wakapiga vigelegele mpaka masikio yakaziba. Keki ilikuwa na umbo la baiskeli. Wakalishana. Kocha aliitwa kama mzazi wa binti, akapewa kipaza sauti, akasema asanteni, akakirudisha. Chakula kikaja. Mimi muda wote huo macho yangu yalikuwa kwake. Nilimfuata mpaka alipokwenda msalani. Sikumwona akigusa hata sarafu, na nilipokaa kula wali wangu, nilijiona nimeifanya kazi yangu.

Baada ya sherehe kamati ikakaa. Mwenyekiti akasoma yaliyoingia na yaliyotoka, kila kitu kina risiti, kila risiti ina sahihi, na sahihi nyingine ni yangu. Hakuna aliyeiba hata shilingi. Nilikagua kwa hasira, nikitafuta mahali pa kumshika kocha, na jina la kocha halikuwepo popote. Alikuwa hajalipwa chochote. Sisi wengine wote tulikuwa tumelipwa.

Kilichobaki kilitosha baiskeli nne. Waendeshaji walikuwa watano.

Gari la kuchukua baiskeli lilikuja mwisho wa mwezi kama walivyosema. Tulikusanyika kwenye uwanja wa nyuma ya karakana walikokuwa wanazitunza, mashabiki wachache, kamati, waendeshaji. Baiskeli zimepangwa ukutani, moja bado ina kipande cha riboni. Kila mtu alijua atakayeachwa. Kulikuwa na kijana wa mwisho kuajiriwa, bado mzito kwenye milima, na yeye mwenyewe alishakubali, alikuwa amekaa pembeni anakata kucha. Kocha akataja majina manne. La yule kijana lilikuwemo. La mdogo wangu halikuwemo.

Damu ilinipanda. Hayo ndiyo niliyokuwa nayasubiri tangu mwanzo, na sasa yamekuja mchana kweupe. Nilisema yote pale mbele za watu. Nilisema kocha analipiza kisasi. Nilisema anamtesa mdogo wangu kwa sababu dada yake amemfuata Idodi na kumzibia njia. Nilisema mwenye kasi kuliko wote anaachwaje, kama sio chuki. Kocha alinitazama tu. Hakufungua mdomo kujitetea, na mimi hilo nikaliongeza kwenye mashtaka.

Mdogo wangu akaja akanishika mkono, juu ya kiwiko, kama alivyokuwa anafanya akiwa mtoto kwenye soko lenye watu wengi.

"Dada, acha. Nimejitoa mwenyewe. Kocha alinikatalia siku mbili nzima."

Nikamuuliza umejitoaje, umejitoa kwa sababu gani.

Hakupandisha sauti. "Wenzangu makwao hawajapata kitu kwenye huu mchango. Sisi tumeshapata mgao wetu, dada. Tulilipwa mchele."

Mwenyekiti alikuwa anatazama viatu vyake, na mama wa mapambo, na mama ntilie. Mdogo wangu akaenda ukutani, akafungua ile riboni kwenye usukani, akainua baiskeli yake kwa mkono mmoja akaipandisha kwenye gari. Akamsaidia dereva kuifunga kamba isikwaruzwe.

Nilikimbia dukani. Pesa ya mchele ilikuwa kwenye kopo, sikuwa nimeigusa, nilikuwa naisubiri safari ya Usangu. Niliporudi nahema gari lilikuwa limeshaondoka. Bodaboda mmoja akajitolea kulifukuza, akarudi anasema amefika mpaka Uyole hajalikuta. Na hata kama angelikuta, ile pesa peke yake haikufika hata nusu ya baiskeli. Nikampelekea kocha, nikamwambia basi iwe ya matairi ya hao wanne.

Hakuipokea. Aliita kwanza fundi wa karakana na kijana wa bodaboda waje wasimame karibu. Halafu akaniuliza. Hii pesa ni ya nani? Imetoka wapi? Ni ya kitu gani? Nani mwingine anajua kwamba unaitoa? Aliuliza polepole, moja baada ya nyingine, na hakuwa anakejeli. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha kwenye kamati. Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Nikajibu yote.

Siku ya mbio barabara ilijaa tangu asubuhi. Walikuwepo waliolipa na wasiolipa, wengine wamevaa zile sare za sendofu. Wale wanne wakapita mbele ya duka langu na matairi mapya, mara moja tu, vuu, wameshafika kwenye kona. Baadaye tulisikia mkataba waliupata. Mtu mmoja karibu yangu akaniuliza kama kutakuwa na sherehe ya kuwapokea na kadi zitatoka lini, na mimi nikamjibu vibaya.

Mdogo wangu alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha duka anapiga makofi, anawahesabia wenzake gia kwa sauti kana kwamba wanamsikia. Nilikuwa nimepika chai, na wali wa ule mchele wa Idodi uliobaki. Nikamwambia aingie ale. Akasema hawezi kukaa, anateremka Igurusi. Akazifunga kamba za madumu kwenye ile baiskeli yake nzito, akazivuta kuona kama zimekaza, na akaondoka.